Samaki wa Tanganyika ndani ya vioo: wanaotoka ziwa moja hawakai wote nyumba moja

Kwenye soko za Uvira, Baraka na Kalemie, samaki wanaoulizwa bei ni ndakala, mukeke na sangala. Wale wadogo wa kwenye mawe, wenye mistari na madoa, ambao watoto huwavuta kwa ndoano kando ya ziwa, hawajazi sahani na hakuna anayewagombania. Lakini ni hao hao wanaofungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wakapandishwa ndege na kuuzwa mmoja mmoja Ujerumani, Ubelgiji, Japani na Marekani. Huko watu huwaweka ndani ya akwariumu, yaani sanduku la vioo lililojaa maji, na kukaa mbele yake jioni kama wengine wanavyokaa mbele ya televisheni.

Katika miji ya mashariki mwa Kongo pia masanduku hayo yapo: kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye mikahawa, katika nyumba chache za watu. Na matatizo yake yanafanana kila mahali. Mwenye nyumba ananunua samaki sita au saba kwa kuangalia rangi. Wiki ya kwanza ni furaha. Wiki ya pili mmoja ana mapezi yaliyochanika, mwingine amejibanza juu karibu na pompi na hashuki kula. Mwisho wa mwezi anabaki mmoja, mnene, anayezunguka peke yake kama mwenye parseli. Watu husema maji yalikuwa mabaya. Mara nyingi maji hayana kosa. Kosa ni kuwaweka pamoja samaki ambao ziwani wasingekubali kukaa hatua mbili kutoka kwa mwenzao.

Ziwa linalokaribia bahari

Wapenzi wa akwariumu duniani huona sanduku la maji ya chumvi, lenye samaki wa baharini, kuwa ndilo la hali ya juu. Rangi zake hazina mfano, lakini gharama zake pia. Chumvi lazima ipimwe, joto lisiyumbe, na samaki wengi bado huvuliwa baharini kwa kuwa kuwazalisha ni kazi ngumu. Kwa mkaaji wa Bukavu au Goma, hilo ni jambo la mbali sana. Pwani ya Kongo iko Muanda, upande wa pili wa nchi, na haifiki kilomita 50.

Tanganyika ndiyo njia ya katikati. Maji yake si ya chumvi ya kuonja, ila yana madini mengi, na kipimo chake cha pH ni kati ya 8.6 na 9, juu kidogo hata ya maji ya bahari. Sehemu kubwa ya madini hayo huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, ambalo nalo huyapata kwenye ardhi ya volkano. Ziwa lina kina cha mita 1,470 na limegawanywa na nchi nne. Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko zote, takriban asilimia 45. Jamii moja tu ya samaki, wale wanaoitwa siklidi, ina aina zipatazo 240 humo, na karibu zote hazipatikani ziwa lingine lolote. Wengine wana rangi ambazo mtu angedhani ni za samaki wa matumbawe.

Ndiyo maana wauzaji wengi huandika neno moja kwenye bei: "Tanganyika". Mteja anaelewa kwamba wote ni ndugu wa maji mamoja, basi wanaweza kukaa pamoja. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Ziwa ni kama mji wenye mitaa. Kuna mtaa wa mawe makubwa, ambako jua hupenya na mwani huota juu ya kila jiwe. Kuna mtaa wa mchanga. Kuna uwanja uliojaa maganda matupu ya konokono, ambamo samaki wadogo wamefanya nyumba. Kuna maji ya wazi mbele ya mawe, na kuna giza la chini. Samaki wa mtaa mmoja anaweza asimjue kabisa wa mtaa mwingine ulio umbali wa mita mia moja, kwa sababu kati yao kuna mchanga mtupu asiothubutu kuuvuka.

Hata wa mtaa mmoja si marafiki. Samaki anayeitwa Perissodus microlepis huishi kwa kula magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu unaomfaa. Mtafiti Mjapani Michio Hori, aliyechunguza samaki hao upande wa Kongo karibu na Uvira, alieleza mwaka 1993 katika jarida la Science jinsi walio na mdomo wa kulia na wa kushoto wanavyopokezana kuwa wengi, kwa kuwa samaki wanaowindwa huzoea kulinda upande unaoshambuliwa zaidi. Ziwani aliyeng'olewa gamba anakimbia. Ndani ya vioo vya mita moja atakimbilia wapi?

Tropheus: mzuri, mkali, na mwenye tumbo dogo la subira

Samaki anayewadanganya wengi ni Tropheus. Ni wa mawe, ana urefu wa sentimita 12 hivi, na rangi zake hubadilika kutoka ghuba moja hadi nyingine: mweusi mwenye mkanda wa rangi ya chungwa huko Bemba, mweusi mwenye mkanda wa njano huko Kiriza kwenye rasi ya Ubwari, mwekundu kwingine, kijani kwingine. Mwenzake, Tropheus duboisi, akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoadoa meupe kama nyota. Akikua madoa yanapotea, kichwa kinageuka bluu na mwilini unabaki mkanda mmoja mweupe au wa njano. Wako wanunuzi waliodhani wamebadilishiwa samaki usiku. Huyo alielezwa kisayansi mwaka 1959 na Georges Marlier, Mbelgiji aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Uvira.

Tropheus anatafuna mwani juu ya mawe mchana kutwa, na dume hulinda jiwe lake kwa vita. Mtu akinunua wanne, atapata matokeo yale yale kila mara: mkubwa atamfukuza mdogo mpaka afe, kisha atahamia kwa anayefuata. Jambo linaloshangaza ni kwamba dawa yake ni kuwaongeza, si kuwapunguza. Wafugaji wenye uzoefu huweka 15 hadi 20 kwa pamoja, katika sanduku la lita 300 au 400, ili mkali asipate nafasi ya kumwandama mmoja. Wanaingizwa siku moja, wakiwa wadogo, majike wakiwa wengi kuliko madume. Anayeletwa peke yake miezi baadaye huonekana mgeni na hupigwa. Ikiwa hakuna budi, mawe hupangwa upya siku hiyo hiyo, taa zikizimwa, ili hata wenyeji wapoteze mipaka yao.

Jambo la pili ni chakula, na hili huua wengi kuliko vita. Utumbo wa Tropheus ni mrefu sana, umeumbwa kwa majani. Akilishwa nyama, moyo wa ng'ombe au unga wa samaki wenye mafuta, tumbo linavimba, anaacha kula, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, na kwa kawaida haponi. Anataka spirulina na mboga za majani zilizochovywa kwenye maji ya moto, kidogo kidogo. Kwa hiyo kumweka na samaki wanaohitaji kamba na wadudu ni kumtega. Hata wakipatana, sahani yao si moja.

Na la tatu: Tropheus wa ghuba mbili wasichanganywe. Watazaana. Watoto watakaopatikana hawatakuwa wa Bemba wala wa Kiriza, na hakuna mfugaji makini atakayewataka.

Familia inayowafukuza majirani

Neolamprologus brichardi ana sura ya upole. Mwili wake ni wa rangi ya maziwa na kahawa, mapezi yake yana ncha ndefu nyeupe, na bei yake kwa kawaida ni ya chini. Jina lake ni la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeujulisha ulimwengu samaki wa Tanganyika kwa kuwasafirisha kutoka Bujumbura na kuandika vitabu juu yao. Kama samaki, tabia yake inapendeza kuliko ya wengi: watoto wakubwa hawaondoki nyumbani, wanabaki kulinda mayai na wadogo zao pamoja na baba na mama.

Lakini hesabu yake katika akwariumu ni mbaya kwa wengine. Jozi moja inataga, watoto wanakua, wanasaidia kulinda, mama anataga tena. Baada ya miezi kuna ukoo mzima, na kila mmoja ni askari. Samaki wa aina nyingine wanasukumwa pembe moja ya juu, na huko wanafia. Si ugomvi wa mtu mmoja unaoweza kutatuliwa kwa kumtoa mkorofi. Ni familia nzima imechukua mtaa. Anayempenda brichardi ampe sanduku lake peke yake, na atakuwa na mchezo wa kutazama kwa miaka.

Wanaokaa pamoja kweli

Habari njema ni kwamba mitaa ya ziwa yenyewe inaonyesha mchanganyiko unaofaa. Ukichukua samaki mmoja mmoja kutoka kila mtaa, wala si wawili kutoka mtaa mmoja, ugomvi hupungua sana, kwa sababu hakuna anayetaka nyumba ya mwenzake.

Sanduku la urefu wa mita 1.2 na upana na kimo cha nusu mita lina lita 300. (Na linakuwa na uzito wa kilo 300 kabla ya kuhesabu mawe na vioo, meza ya kawaida ya sebuleni haitalibeba.) Upande mmoja panapangwa mawe mpaka karibu na juu, yakikaa chini ya sanduku kwanza na mchanga ukimwagwa baadaye, ili samaki wachimbaji wasiyaangushe. Upande wa pili unaachwa mchanga mtupu wenye maganda ya konokono kumi au zaidi.

Kwenye maganda wanaingia Lamprologus ocellatus, dume mmoja na majike wawili. Dume hapiti sentimita sita, na bado atauma kidole cha anayesafisha kioo. Kila mmoja huchagua ganda, huligeuza na kulifukia mchangani mpaka ubaki mlango tu, na hatari ikitokea anazama humo. Ulimwengu wake ni mduara mdogo. Nje yake hana shida na mtu. Kwa anayeanza, hata bila wengine, huyu ndiye bora: lita 60 zinamtosha.

Kwenye nyufa za mawe inaingia jozi moja ya Julidochromis, samaki mwembamba mwenye mistari mirefu, anayetaga kwenye dari ya pango na kuonekana kwa nadra. Ni vizuri kununua watoto watano au sita na kuwaacha wachaguane wenyewe, kisha wanaobaki wakatolewa. Jozi ya kulazimishwa huishia mmoja kumuua mwenzake. Aina mbili za Julidochromis haziwekwi pamoja, kwa sababu ile ile ya Tropheus.

Juu, kwenye maji ya wazi, kundi la Cyprichromis kumi au kumi na wawili. Hawa ni wa kuogelea pamoja, hawashikilii ardhi, na madume yao hung'aa bluu na njano. Wanashtuka kirahisi na kuruka nje, kwa hiyo kifuniko si pambo. Mtu akitaka wa nne, Altolamprologus anafaa: bapa kama sahani iliyosimamishwa, mtaratibu, mgumu kugombana. Atakula vifaranga vya wengine, na kwa sanduku ambalo halina pa kuwapeleka, hilo si hasara.

Kuna na kambare mdogo mwenye madoa meusi, Synodontis multipunctatus, ambaye wauzaji humsifu kuwa anakaa na wote. Ni kweli hapigani. Ila ziwani ana mbinu yake. Siklidi wengi hubeba mayai mdomoni. Wakati jike anataga, kambare huyo anapita katikati, anaangusha mayai yake, na jike anayaokota yote. Vifaranga vya kambare huanguliwa kwanza na kula vya mwenye mdomo. Mama anabeba wiki kadhaa, kisha anatema watoto wa mwingine. Anayetamani kuzalisha Tropheus ajue mgeni huyu ni nani.

Mwenye kipaji cha uso

Anayeulizwa zaidi ni yule mkubwa mwenye nundu juu ya paji la uso na mistari mipana myeusi na bluu, Cyphotilapia. Wale wa pwani ya Moba na Kapampa, mkoani Tanganyika, wana bluu inayowatia wazimu wanunuzi wa ng'ambo. Nchi ilibadili jina mwaka 1997, lakini kwenye maduka ya Ulaya samaki huyo bado anaitwa "Zaire".

Kusema kweli, si samaki wa sebule ya kawaida. Anafika sentimita 30, anaishi kwa makundi, na chini ya lita 500 ni kifungo. Kumweka na Cyprichromis ni kumwekea chakula, maana hata ziwani huwavizia alfajiri wakiwa bado wamelala. Zaidi ya hayo, anaishi kwenye kina cha mita 20 hadi 50. Kwenye mita 30 uzito wa maji na hewa unaomkandamiza ni mara nne ya ule wa juu. Akipandishwa haraka, kibofu chake cha hewa kinavimba na kusukuma matumbo nje. Wazamiaji waangalifu humpandisha kwa hatua, kizimbani, kwa siku kadhaa. Wenye haraka humtoboa kwa sindano. Samaki aliyetobolewa vibaya anaweza kuogelea vizuri dukani na kufa nyumbani siku ya kumi, na mnunuzi akadhani ni majirani waliomuua.

Kuranti ikikatika

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo, nalo huko Bukavu au Uvira ndilo la kwanza: kuranti. Pompi ikisimama saa sita usiku, oksijeni inapungua, na bakteria wanaosafisha uchafu ndani ya chujio nao wanaanza kufa. Katika maji yenye pH ya juu kama ya Tanganyika, amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula ni sumu kali zaidi kuliko katika maji ya kawaida. Kwa hiyo idadi ya samaki ipangwe kwa usiku usio na kuranti, si kwa siku yenye kuranti. Sanduku lenye samaki kumi na tano wadogo na pompi ndogo ya batri litavuka mpaka asubuhi. Lenye arobaini halitavuka. Siku ya kukatika, chakula kisitolewe kabisa. Samaki mzima anastahimili njaa ya siku mbili bila shida.

Kwa hesabu hiyo, Tropheus, anayetaka kundi kubwa na maji yenye hewa nyingi, ni mzigo kwa asiye na batri au umeme wa jua. Ocellatus si mzigo.

Sanduku jipya nalo lisijazwe siku lilipowekwa. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kuongezeka. Mawe ya chokaa husaidia kulinda ugumu wa maji, na nusu ya maji isibadilishwe mara moja; robo kwa wiki inatosha.

Kila aliyekufa anatafutiwa mwingine

Huko Ulaya wengi wa samaki hawa sasa huzaliwa ndani ya vioo. Karibu na ziwa ni rahisi kumfuata wa porini, na hapo uchaguzi mbaya unagusa ziwa lenyewe. Tropheus wa rangi fulani anaweza kuwa anaishi kwenye kipande kimoja tu cha mawe, na jike wake hubeba mayai machache, mara nyingi chini ya ishirini, wakati samaki wengine hutaga maelfu. Sanduku linalomaliza samaki watano kila mwezi kwa ugomvi linaagiza watano wengine kutoka mawe yale yale.

Na mawe hayo tayari yana adui. Miteremko ya kaskazini mwa ziwa, upande wa Kongo na wa Burundi, imepoteza miti, na mvua hushusha udongo mpaka majini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wameonyesha kwamba mahali tope linapofunika mawe, aina za samaki hupungua. Mwani unazikwa, nyufa zinaziba.

Wanaozidi je? Ocellatus na Julidochromis huzaa bila kuombwa, na baada ya mwaka sanduku linakuwa dogo. Wapewe mfugaji mwingine, au warudishwe kwa aliyewauza. Wasimwagwe katika Ruzizi, wala sehemu nyingine ya Tanganyika ambako watachanganyika na wenye rangi tofauti, wala hasa katika Ziwa Kivu. Sambaza inayokaangwa Goma na Bukavu ilitoka Tanganyika na kupandikizwa Kivu kwa makusudi mwishoni mwa miaka ya 1950, na imelisha watu wengi. Lakini tangu katikati ya miaka ya 2000 ameonekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, mwenye madoa ya bluu yanayometa, ambaye pia hupendwa kwenye akwariumu. Aliingia bila mpango wowote rasmi, akaenea, na sasa anagombania na sambaza wadudu wale wale wadogo wa majini.